Acheni Kuyagandishia Madungusi Maua

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya rafu ya duka moja kubwa la vifaa vya bustani hapa Tucson, Arizona, hadi mhudumu akaja kuniuliza kama nahitaji msaada. Rafu nzima ilijaa madungusi kakati madogo kwenye vikopo vya plastiki, na kila moja lilikuwa na ua kichwani: la njano, la zambarau, la chungwa. Tuko Desemba. Hakuna dungusi la kalunguyeye, yaani la jenasi (kundi) ya Echinocereus, linalochanua Desemba katika jangwa la Sonora. Nikachukua moja, lile wanaloliita la upinde wa mvua, Echinocereus rigidissimus, lenye mikanda ya waridi na nyeupe inayozunguka shina, nikaligeuza kwenye mwanga. Chini ya ua kulikuwa na tone la gundi ya moto. Lilikuwa limeganda juu kabisa ya ncha ya shina, pale pale ambapo mmea huu hukulia. Kokoto zilizotandazwa juu ya udongo nazo zilikuwa zimegandishwa zikawa kifuniko kimoja kigumu. Unabonyeza kwa kidole, kidole hakipenyi.

Nilikasirika, na naandika haya hasira haijaisha.

Jirani yangu, mama mmoja kutoka Uvira, alinunuliwa dungusi kama hilo na wanawe. Aliniita nikalione. "Dada, hii maua iko ya kweli?" Lilikuwa ua kavu limepakwa rangi. Yeye alikuwa analitoa dirishani jioni na kulirudisha asubuhi, akisubiri lijifunge na kufunguka, maana alisikia maua ya jangwani hufanya hivyo. Nikamwambia ukweli. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama wanaoyauza wanajua. Wanajua, mama.

Niseme kinachoniuma. Ua la kweli la dungusi hili huanzia ndani ya shina, chini ya ngozi, karibu na kile kidoa cha sufu kinachotoa miiba. Kwa majuma kadhaa unaona ngozi imevimba tu, kama ufizi wa mtoto anayeota jino. Kisha ngozi inapasuka na tumba linachomoza, nalo limevaa miiba yake midogo. Mpasuko ule unabaki kuwa kovu kwa maisha yote ya shina. Shika shina la zamani, pitisha macho taratibu kati ya miiba, utaona makovu ya maua ya miaka iliyopita, kila moja mahali pake. Tumba likifunguka, petali ni za waridi iliyokolea, chavua ni ya njano, na katikati stigma, sehemu inayopokea chavua, ni ya kijani kibichi ambacho hutarajii kukiona ndani ya ua. Kijani hicho ndicho wanachokitazama wajuzi wanapotaka kuitambua jenasi hii. Yapo ya maua mekundu pia, Echinocereus triglochidiatus, ambalo Colorado ililifanya dungusi rasmi la jimbo mwaka 2014. Ua lake hukaa wazi usiku na mchana kwa siku kadhaa, na wanaolihudumia ni ndege wavumaji, wale wadogo wanaofanya huku kazi inayofanywa na chozi kwetu.

Ua hilo halitokei kwa bahati. Linaandaliwa miezi hii hii, Desemba na Januari, wakati mmea unaonekana kana kwamba unakufa. Hapa ndipo naomba mnisikilize, kwa sababu nimeona madungusi mengi mno yakiuawa na watu wanaoyapenda.

Baridi ikianza, dungusi la kalunguyeye linajipunguza lenyewe. Linapoteza maji, mbavu zinakaribiana, ngozi inakunjamana, miiba ya mbavu mbili inaingiliana, na mengine yanabadilika rangi kuelekea zambarau. Linafanya hivyo makusudi. Shina lenye maji tele likishikwa na barafu linapasuka kwa ndani. Lililopunguza maji na kubaki na utomvu mzito linavumilia. Ndiyo maana Echinocereus triglochidiatus linakaa chini ya theluji huko Colorado na Utah, na likiwa kavu linastahimili nyuzi 20 chini ya sifuri. Echinocereus viridiflorus, dogo la maua ya kijani, limefika kaskazini hadi South Dakota. Hii si mimea ya joto la mwaka mzima. Ni mimea ya majira.

Sasa mtu analiona dungusi lake limekunjamana Desemba, huruma inamshika, analiingiza sebuleni kwenye joto la hita na kulimwagilia. Dungusi linanyonya maji wakati mizizi imelala na mwanga wa dirishani ni hafifu. Yakitokea mabaya zaidi, mizizi inaoza na shina linalainika kuanzia chini. Siku unayogundua, limeshakwisha. Yakiwa afadhali, linaamka kabla ya wakati na kurefuka kwa kukosa mwanga. Ncha inakuwa nyembamba, imepauka, ina miiba dhaifu. Wembamba huo haurekebishiki hata ukilipeleka juani baadaye, utabaki kiunoni mwake daima. Halafu Aprili inafika, mwenye dungusi anatazama matumba ya wenzake, lake halina hata moja, anadhani hana mkono wa mimea. Mkono anao. Alinyimwa habari tu, naye akalinyima dungusi usingizi.

Kwa hiyo: kuanzia katikati ya Oktoba punguza maji, Novemba acha kabisa. Liweke mahali penye mwanga mwingi na baridi. Kwangu yanakaa nje, ukutani upande wa kusini, chini ya ukingo wa paa ili mvua za Januari zisiyafikie. Tucson iko kwenye mita 700 na ushei juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Januari joto linaweza kushuka hadi sifuri na chini yake. Kwa dungusi kavu lililozoea, hiyo si hatari. Kwa lililotoka dukani juzi, lililolelewa kwenye kitalu cha joto, ni hatari, kwa hiyo msinielewe vibaya mkalitupa nje usiku huu. Hilo lianzie gereji yenye dirisha au baraza lililofunikwa, nyuzi 5 hadi 10, msimu wa baridi unaofuata ndipo likae nje. Jua nalo ni vivyo hivyo: lizoeshe chini ya chandarua cha kivuli, maana ngozi iliyoungua haiponi.

Machi, siku zikirefuka na matumba yakionekana, rudisha maji. Na ukimwagilia, mwagilia kweli. Kibandiko kwenye kopo la jirani yangu kilisema vijiko viwili kila wiki. Vijiko viwili vinalowesha juu tu, mizizi ya chini inakufa kwa kiu huku shingo ya mmea ikikaa na unyevu. Jangwani mvua haiji kwa vijiko. Msimu wa mvua za kiangazi, Julai hadi Septemba, mawingu yanapasuka na kunywesha ardhi yote, kisha jua linaikausha. Mimina mpaka maji yatoke kwenye tundu la chini, halafu usiguse tena hadi udongo ukauke wote. Ukiwa na shaka, ngoja.

Udongo sitauongelea sana. Ile mboji nyeusi laini ya dukani haifai: ikilowa haikauki, ikikauka inakataa maji. Nusu au zaidi ya mchanganyiko iwe mawe mepesi ya volkano au kokoto ndogo zilizochekechwa vumbi. Chungu kiwe cha udongo usiopakwa rangi. Vidung'ata, wale wadudu wadogo weupe, wakionekana, kijiti cha pamba na spiriti. Ukihamisha dungusi chungu, liache wiki nzima bila maji ili vidonda vya mizizi vikauke.

Kwa waliokwisha kupewa zawadi ya lile la gundi, linaokolewa. Kifuniko cha kokoto kivunje leo hii, kwa bisibisi, vipande vipande, ukianzia ukingoni mwa kopo ili usikwaruze shina. Chini yake mara nyingi utakuta udongo bado umelowa. Uache upate hewa, na usihamishe chungu hadi Machi isipokuwa umeona uozo. Kwenye ua, weka tone la spiriti ya asilimia 70 pembeni mwa gundi, subiri kidogo, kisha inua kwa kibanio polepole. Ikikataa, rudia kesho. Usivute kwa nguvu, utang'oa miiba pamoja na ngozi. Ukikuta ncha imeharibika usilitupe, shina lenye afya mara nyingi hutoa vichipukizi pembeni. La jirani yangu tulilisafisha pamoja, mezani kwake, na ncha ilikuwa bado nzima.

Nimejibiwa tayari na rafiki mmoja kwamba vitalu vinavyouza kwa bei rahisi vinasaidia, maana vinaotesha mbegu kwa maelfu, na mtu akipata dungusi kwa dola chache hana haja ya kwenda kung'oa porini. Nakubali, kwa shingo upande. Hoja hiyo ni kweli na ina uzito, kwa sababu porini hali ni mbaya. Tathmini ya dunia nzima iliyochapishwa mwaka 2015 ilikuta asilimia 31 ya spishi za madungusi ziko hatarini kutoweka. Dungusi la kalunguyeye la Arizona, linaloota kwenye miamba ya maeneo ya Superior na Globe, limo kwenye orodha ya serikali kuu ya Marekani ya mimea iliyo hatarini tangu 1979, na huko pia ni nchi ya migodi ya shaba. Huko Mexico, Echinocereus schmollii la Querétaro limewekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ngazi kali kuliko zote. Lakini kuotesha kwa mbegu na kugandisha maua ya uongo ni mambo mawili tofauti. La kwanza naliunga mkono. La pili halimwokoi mmea wowote porini, na linamfundisha mnunuzi kwamba dungusi ni pambo la kutumika hadi lichoke.

Na mkinunua kwa watu binafsi, tazameni chini. Dungusi lililokuzwa kitaluni ni safi na limelingana pande zote. Lililong'olewa porini lina gamba la kahawia chini, makovu ya zamani, limepinda upande mmoja, na mizizi yake imekatwa. Arizona ina sheria yake ya mimea ya asili: dungusi likitolewa ardhini linatakiwa kibali na lebo. Chama cha madungusi cha hapa, Tucson Cactus and Succulent Society, huenda kwenye viwanja vinavyotaka kujengwa, kwa ruhusa ya wenye ardhi, kikachimba mimea kabla ya tingatinga na kuiuza na lebo zake. Wengi wa waliojitolea humo ni wazee waliostaafu, wanachimba kwenye jua hili kwa magoti yao wenyewe. Nawaheshimu sana. Nunueni kwao. Echinocereus fasciculatus langu kubwa kuliko yote limetoka kwao, na mwaka huu mwishoni mwa Machi lilifungua maua hivi kwamba mashina yenyewe hayakuonekana. Watoto wa mtaani walikuja kutazama nyuki wakijigaragaza kwenye chavua.

Baadaye matunda yanakuja, mekundu, miiba yake inaanguka yakiiva. Yanalika, ni matamu. Ukichelewa, ndege wanakuwahi.

Mwisho, wasomaji wa nyumbani, maana maswali yenu ni mengi. Mombasa, Dar, Zanzibar: msijisumbue. Joto na unyevunyevu wa pwani hauna usiku wa kulilaza dungusi hili, litakaa kijani bila ua mpaka lioze. Lakini nyie wa Njombe, Makete, Limuru na Nyahururu, mnaotoka Juni na Julai mmevaa makoti, mna kitu ambacho watu wa pwani hawawezi kukinunua. Jaribuni, na jaribuni kwa mbegu, si kwa mmea mzima: mimea hai ya jenasi hii haivuki mipaka bila hati za CITES, na hata kwa mbegu ulizieni kwanza masharti ya kuingiza kwenye mamlaka ya afya ya mimea, KEPHIS kwa Kenya, TPHPA kwa Tanzania. Njombe na Makete, miezi ya baridi kwenu ndiyo yenye ukame, yaani baridi kavu bila kazi ya kuitafuta; Limuru na Nyahururu, kwenu mvua au manyunyu huja hata katika miezi hiyo. Adui wenu nyote ni mvua, kwa hiyo jengeni paa la karatasi angavu, pande zote ziachwe wazi. Pandeni Oktoba joto likipanda, juu ya mchanga wa chembe kubwa uliochemshwa na kupozwa, msizifukie mbegu, funikeni chombo kwa plastiki hadi miche itoe miiba ya kwanza. Kisha subirini miaka, mitatu hadi mitano, na kila Juni msiyamwagilie.