Kabla hatujaifuta Stadi za Mawasiliano

Swali la kwanza la mtihani wa Stadi za Mawasiliano, somo la semesta moja wanalokutana nalo vijana wa fani zote mwaka wa kwanza chuoni, lilikuwa hili: taja na ueleze sifa saba za maandishi ya kitaaluma. Kijana aliyeketi mstari wa pili alizimwaga zote saba kabla sijamaliza kugawa karatasi za nyongeza, kwa mpangilio uleule wa desa, yaani majibu ya kukariri, lililokuwa likizunguka mabwenini. Sifa ya nne, kutonakili kazi ya mtu mwingine, aliinakili neno kwa neno. Niliposahihisha nilimpa alama zake zote. Ningefanyaje? Mwongozo ulidai sifa saba, naye alileta saba.

Wanaotaka somo hili lifutwe wana visa vingi vya namna hii, na si watu wa kupuuzwa. Rafiki yangu anayefundisha uhandisi hanifichi: saa ambazo vijana wake wangekuwa karakana wanazitumia ukumbini wakinakili vizuizi vya mawasiliano na muundo wa barua ya kuomba kazi, halafu wakitoka field wanamletea ripoti zisizo na kichwa wala miguu. Hoja yake nzito zaidi ni kwamba hakuna kitu kinachoitwa kuandika kwa jumla. Ripoti ya udongo wa barabara ina mantiki yake, na uchambuzi wa riwaya una wake. Anayedai kuvifundisha vyote kwa pamoja, kwa darasa lenye wahandisi, wahasibu na walimu watarajiwa, hafundishi hata kimoja.

Hoja hiyo ina umri mkubwa kuliko vyuo vyetu. Harvard ilianza kudai insha fupi kwa waombaji mwaka 1874, na kufikia 1885 kozi ya uandishi ilikuwa imewekwa mwaka wa kwanza. Mwaka 1892 kamati iliyoteuliwa kuichunguza ilitoa ripoti ya malalamiko matupu: vijana hawajui kuandika, shule za sekondari hazifanyi kazi yake, wahadhiri wanazama kwenye makaratasi. Chuo Kikuu cha Cornell kilichukua njia nyingine mwaka 1966, kikayagawia maidara kazi ya kufundisha uandishi, kila moja ndani ya fani yake. Rafiki yangu anaipenda sana habari ya Cornell. Nilipomuuliza kama yuko tayari kusahihisha insha za wanafunzi wake yeye mwenyewe, alicheka, akaagiza chai nyingine.

Kisa cha Harvard nakipenda kwa sababu nyingine. Wale walikuwa watoto wa wenye nacho wa Boston, Kiingereza wamezaliwa nacho kinywani, na bado walishindwa kujenga hoja kwenye karatasi. Sisi tumezoea kuamini kwamba tatizo ni lugha tu. Imani hiyo haikuota hewani: ripoti ya watafiti Criper na Dodd ya mwaka 1984, kuhusu Kiingereza katika elimu ya Tanzania, ilikuta kwamba wanachuo waliopimwa ambao wangesoma bila taabu hata vitabu vyepesi vya masomo yao hawakufika asilimia 20. Tangu hapo somo hili linabebeshwa kazi ya kuziba mashimo ya Kiingereza cha sekondari, mzigo ambao somo la semesta moja haliwezi kuubeba. Lakini Idara ya Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1970, na leo tasnifu za uzamivu zinaandikwa kwa Kiswahili. Nimewahi kuhariri maandishi ya namna hiyo, ya vyuo mbalimbali, lugha imenyooka kabisa. Nikakuta kurasa arobaini za fulani anasema, fulani anaongeza, fulani naye anaunga mkono. Mwenye tasnifu mwenyewe hayumo.

Kumwingiza mwenye kazi ndani ya kazi yake ndiyo shughuli ya somo hili, na sijaona wapi pengine inafanyika. Mwanafunzi mmoja wa sosholojia, binti aliyetokea shule ya kata, aliniletea kurasa tatu kuhusu ajira za vijana mjini. Aya ya pili ilikuwa na sentensi tano, na zote tano zilianza na "kwa mujibu wa". Nikamuuliza, "Wewe unasemaje?"

"Mimi tena, mwalimu?"

Tukakaa. Kitabu alichokinukuu kilisema vijana hawaajiriki kwa kuwa hawana ujuzi. Nikamuuliza kama anakubali. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kaka yake ana cheti cha uchomeleaji cha chuo cha ufundi cha VETA na anaendesha bodaboda ya mtu, kwa sababu mashine ya kuchomelea ni ghali na umeme wa mtaani kwao haueleweki.

"Sasa iandike hiyo."

"Inaruhusiwa?"

Nalikumbuka swali hilo kuliko insha yenyewe. Miaka sita ya sekondari amefundishwa kwamba insha ni utangulizi, pointi sita na hitimisho, na kwamba pointi hutoka kwenye kitabu. Hakuna aliyewahi kumtaka abishane na kitabu. Wiki iliyofuata aya ile ilirudi. Nukuu ilikuwepo, ukurasa umetajwa, na chini yake sentensi iliyoanza na "lakini". Niliizungushia duara. Kiingereza chake kilikuwa na makosa manne kwenye mistari mitatu, nami sikuyagusa siku hiyo.

Aliyesoma shule yenye maktaba na klabu ya mdahalo, somo likifutwa hatalikosa. Atakayelikosa ni huyu. Kubishana mtaani anajua, sote tunajua. Barazani hashindwi mtu. Na si kwamba elimu ya kusema na kushawishi ni ngeni kwetu. Masheikh wa pwani walisoma balagha kama fani kamili yenye milango yake mitatu, maani, bayani na badii, na hakuna aliyewaambia kwamba ni stadi ndogo ya kuandikia barua ya kuomba kazi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wa pande zote mbili hukata tamaa. Chukua darasa la watu 600. Kila mmoja aandike insha moja ya kurasa tatu, irudishwe na maoni, aiandike upya, isomwe tena. Ukitumia dakika 15 kwa kila usomaji, ni dakika 18,000, yaani saa 300. Kwa semesta ya wiki 15, mhadhiri akiwa peke yake, ni saa 20 kila wiki za kusahihisha tu, kabla hajaingia darasani. Haiwezekani, na ndiyo maana tunatunga swali la sifa saba: linasahihishwa kwa dakika mbili. Mpe wasaidizi watatu. Watu wanne, saa 75 kila mmoja, saa tano kwa wiki. Nilipopiga hesabu hii mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikairudia. Kinachotenganisha somo la kukariri na somo la kuandika, kwa darasa zima la watu 600, ni wasaidizi watatu. Hata kama dakika 15 ni chache, fanya 20. Ni chini ya saa saba kwa wiki.

Kwamba kurudishiwa kazi ndiko kunakofundisha, ushahidi upo hapo Nairobi. Kuna vijana wanaoishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao kwa malipo, biashara ambayo England iliipiga marufuku kisheria mwaka 2022. Siitetei. Lakini baadhi yao wamepitia kozi kama hii ya mwaka wa kwanza wakaiona upuuzi, kisha wakajifunza kuandika usiku, kwa sababu insha mbovu ilirudi na hela ikakatwa. Kwetu biashara imegeukia ndani: stationari za jirani na mageti ya vyuo zina matangazo ya kukuandikia risechi, na siku hizi kijana wa pale anaiagiza kwa ChatGPT wewe ukisubiri kutoa kopi. Anayesema mashine imemaliza haja ya somo hili anieleze nani atamuuliza yule binti kuhusu kaka yake.

Wakati ule wa mtihani wa sifa saba, sisi tunaofundisha somo hili tulipendekeza kwa chuo kwamba mtihani wenye alama 60 uondolewe, alama hizo ziende kwenye insha iliyoandikwa upya. Jibu lilichukua miezi mitano. Lilisema kazi ya namna hiyo ni vigumu kuhakikiwa na mtahini wa nje, kwa hiyo mtihani utabaki kama ulivyo, isipokuwa swali la kwanza, ambalo sasa litadai sifa tano.