Pesa ya wiki za mwanzo isiwe mkopo

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria Namba 3 ya 2011, imewavusha vijana wengi, na anayebeza hilo hasemi kweli. Ila mkopo hauingii mpaka mwanafunzi asajiliwe chuoni na kutia saini. Kijana wa Micheweni, Pemba, aliyepata nafasi Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), Tunguu, Unguja, kabla ya hapo anatakiwa awe na nauli ya kufika bandari ya Mkoani, tiketi ya meli, kodi ya chumba ya miezi kadhaa kwa mkupuo, godoro na chakula. Wengi hukwama hapo, ada haijatajwa bado.

Kwa wiki hizo za mwanzo serikali itoe ruzuku, pesa isiyorudishwa. Marekani wana Pell Grant, ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wahitaji wa vyuo; mwaka wa masomo 2024/25 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Kiasi hicho hatukiwezi, na hakuna anayekiomba. Cha kuiga ni namna wanavyomtambua mhitaji: mwombaji akiridhia, taarifa za kipato zinatoka moja kwa moja kwenye mamlaka ya kodi. Mvuvi wetu na mchuma karafuu hawana mafaili ya kodi, lakini kaya maskini zinazosaidiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) zimeshaorodheshwa shehia kwa shehia. Namba ya kaya ingetosha. Kwa nini mtoto wa kaya hiyo azungushwe tena kuthibitisha ufukara ambao serikali imeshauandika yenyewe?

Mpaka hayo yawe, vita ni ya vyeti. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khadija Ali Khamis, cha kidato cha nne kinasema Hadija Ally Hamis. Mtaani ni mtu mmoja, kwenye mfumo ni wawili, na ombi la mkopo linasimama. Dawa yake ipo skuli: mzazi aombe kuyaona majina kabla hayajapelekwa Baraza la Mitihani, ayalinganishe na cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi. Baada ya hapo ni hati za kiapo, gharama na foleni.

Yatima, anayetakiwa kuonyesha cheti cha kifo cha mzazi, ana tabu zaidi. Baba kafia nyumbani au baharini, kazikwa, watu wametawanyika, kifo hakikusajiliwa. Barua ya sheha peke yake si cheti cha kifo. Inafungua mlango tu, cheti kinatoka kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kazi hiyo ifanywe mtoto akiwa bado kidato cha tano, maana matokeo ya sita yakishatoka kila mtu anakimbilia dirisha lile lile.

Akaunti ya benki nayo iwe ya mwanafunzi mwenyewe, kwa majina yale yale ya cheti cha mtihani. Ya kaka haifai, hata kama kaka ndiye anayelipa kila kitu.