Marufuku ya moto wote haitapunguza moshi

Wahariri, pendekezo la makala mliyochapisha, kupiga marufuku kila moto katika misitu ya miombo ya Tabora na Katavi ili hewa isafike, litaongeza moshi. Nyasi zisipochomwa Mei au Juni hulundikana. Moto ukiingia Septemba au Oktoba, kila kitu kimekauka na upepo ni mkali, huua miche na kuwasha magogo yaliyolala. Hayo magogo ndiyo hatari kubwa: hufukuta bila mwali kwa siku kadhaa, na kila kilo inayofukuta hutoa monoksidi ya kaboni (gesi yenye sumu) na chembe laini za moshi nyingi kuliko nyasi kavu zinazowaka kwa mwali.

Ila uchomaji wa mapema ukifanywa ovyo nao unafusha moshi. Nyasi zenye ubichi mwingi haziwaki vizuri, zinatoa moshi mzito mweupe. Subirini umande ukauke, chomeni vipande vidogo vilivyozungukwa na barabara za moto (njia zilizosafishwa nyasi ili moto usivuke), upepo ukiwa hafifu na ukielekea kusiko na makazi. Msianze jioni: usiku hewa baridi hutuama chini na kuubana moshi mabondeni hadi asubuhi, watu wakiwa wamelala humo humo.

Na tafadhali, wahariri, msiwashauri wasomaji kujifunga kitambaa usoni dhidi ya moshi. Chembe za moshi za mikromita 2.5 kushuka chini hupita humo. Barakoa ya N95, ile inayochuja chembe laini, inayobana uso pande zote ndiyo inayofaa, na haimbani vizuri mwenye ndevu.