Setilaiti za Siri na Wanaanga Waliozibeba

Kwa takriban miaka minane, kuanzia Januari 1985 hadi Desemba 1992, Marekani ilirusha setilaiti za kijeshi za siri kwa kutumia vyombo vilevile vilivyokuwa vikibeba wanaanga huku ulimwengu ukitazama, yaani vyombo vya angani viitwavyo space shuttle, kama vile Discovery, Atlantis, Columbia na Challenger. Mengi yamekisiwa kuhusu shehena hizo, na wapo wanaoyapuuza makisio yote kuwa ni porojo. Mimi naona makisio hayo yalizaliwa na uamuzi mbaya wa wenye siri wenyewe, yaani kupakia mitambo ya ujasusi na roho za watu katika chombo kimoja.

Safari ya kwanza ya aina hiyo ilikuwa ya Discovery, tarehe 24 Januari 1985. Jeshi la Anga lilikataa kutangaza saa kamili ya kuruka, na umma ukaruhusiwa kufuatilia hesabu ya kurudi nyuma zilipokuwa zimebaki dakika 9 tu. Mwezi mmoja kabla ya hapo, gazeti la Washington Post lilikuwa limeandika kwamba chombo hicho kingebeba setilaiti ya kunasa mawasiliano, na Waziri wa Ulinzi, Caspar Weinberger, akalishutumu kwa kumsaidia adui. Lakini adui huyo alikuwa na rada zake, wanaanga watano walikuwa wanajulikana kwa majina, na moto wa roketi zinazoruka kutoka Florida huonekana na kila aliye pwani. Kilichofichwa kwa dhati kilifichwa kwa mlipakodi wa Marekani.

Isitoshe, obiti yenyewe, yaani njia ya chombo ya kuizunguka dunia, hutoa ushahidi. Chombo kinachorushwa kuelekea mashariki kutoka Rasi ya Canaveral huingia katika obiti yenye mwinamo (pembe kati ya njia hiyo na ikweta) wa nyuzi 28.5, unaofaa kwa setilaiti inayokusudiwa kupandishwa hadi juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Mwinamo ukifika nyuzi 57, chombo hupita juu ya Moscow na sehemu kubwa ya Umoja wa Kisovyeti wa wakati ule, na hapo mtu mwenye kalamu na karatasi anaweza kuanza kuhisi kazi ya shehena. Atlantis ilipofikishwa kwenye nyuzi 62 mwezi Februari 1990, mwinamo ambao hakuna safari nyingine ya vyombo hivyo iliyoufikia, ilikuwa kama kupiga mbiu. Ikasemekana kwamba setilaiti iliyoachwa huko ilikuwa imevunjika vipande, lakini baadaye mwaka huohuo watazamaji wa kujitolea wa Ulaya, wanaofuatilia setilaiti kutoka ardhini, walikiona kitu king'aavu angani, na mwenzao Ted Molczan wa Kanada akaihusisha njia yake na safari ile ya Atlantis. Watu hawa hukosea pia: shehena ya Columbia ya Agosti 1989 ilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa setilaiti ya kupiga picha, hadi wao wenyewe walipoitazama zaidi na kuhitimisha kwamba ilikuwa ya kupeleka mawasiliano. Dhana inayokubali kusahihishwa na darubini haistahili kuitwa uvumi.

Hata hivyo, safari inayonikera kuliko zote ni ya Atlantis ya Desemba 1988, ambayo wachunguzi wengi wanaamini ilibeba setilaiti ya rada iitwayo Lacrosse. Sekunde 85 hivi baada ya kuruka, kipande kilibanduka kwenye ncha ya roketi ya pembeni na kukigonga chombo. Wanaanga walipoelekeza kamera ya mkono wa mtambo kwenye upande wa kulia wa tumbo, waliona vigae vya kukinga joto vimechubuliwa vibaya, na kamanda Robert Gibson akaamini kwamba huenda wasirudi wakiwa hai. Kwa kuwa safari ilikuwa ya siri, picha zilitumwa kwa njia iliyofumbwa kwa msimbo ili wengine wasizione, zikafika duniani zikiwa hafifu, na wahandisi wakajibu kwamba kilichoonekana ni mchezo wa mwanga na vivuli tu. Chombo kilipotua, vigae zaidi ya 700 vilikutwa vimeharibika na kimoja hakikuwepo kabisa, na pengo hilo, kwa bahati tu, lilikuwa juu ya bamba nene la kushikia antena.

Tafakari hali ya watu hao watano: wanaona hatari kwa macho yao, na taratibu za kulinda siri ndizo zinazowazuia wenzao wa ardhini kuiona. Sijui setilaiti gani ingehalalisha jambo hilo.

Baada ya Challenger kulipuka mwaka 1986, jeshi lilikuwa tayari limeanza kuhamishia shehena zake kwenye roketi zisizo na watu, na safari ya Discovery ya Desemba 1992 ikawa ya mwisho kubeba shehena kuu ya siri. Leo baadhi ya kazi za siri za kijeshi hufanywa na X-37B, chombo kidogo cha Marekani kisichobeba watu kilichoruka mara ya kwanza Aprili 2010. Shughuli zake nyingi hazitangazwi, na watazamaji walikigundua angani ndani ya wiki chache tu, lakini safari hii hakuna aliyekuwa amekaa ndani yake.