Hisabati ya umati mtandaoni: nani hasa anayejifunza?

Mwaka 2009, Timothy Gowers, mwanahisabati Mwingereza mwenye Medali ya Fields (moja ya tuzo kubwa kabisa za hisabati), aliweka mtandaoni fumbo gumu la hisabati na kumkaribisha yeyote alitatue pamoja naye, hadharani. Alihimiza watu waandike hata mawazo ambayo hayajaiva. Saa saba za mwanzo, kimya. Kisha akajitokeza profesa mmoja wa Kanada. Dakika 15 baadaye akaandika mwalimu wa sekondari wa Arizona, na dakika tatu nyuma yake Terence Tao, mmoja wa magwiji wakubwa wa fani hiyo duniani. Baada ya siku 37 na maoni kama 800, Gowers alitangaza kwamba wameelekea kulifumbua. Mradi ule uliitwa Polymath.

Wanaotetea kujifunza kwa nguvu ya umati huutaja sana, na hawajakosea. Vitabuni uthibitisho hutufikia ukiwa umeshapigwa pasi. Pale watu waliwaona magwiji wakikosea, wakisahihishwa, wakianza upya. Ila walioandika walikuwa 27 tu, wengi wao wabobezi. Wengine walibaki watazamaji.

Huku kwetu umati uko kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram ya wanafunzi. Mtu anapiga picha swali, analitupia kundini, anasubiri. Siyabezi makundi hayo. Walimu wa Hisabati hawatoshi, na Tanzania somo lenyewe sekondari linafundishwa kwa Kiingereza. Kundini mtoto anaeleweshwa kwa Kiswahili, saa nne usiku, na mtu aliyekwama palepale mwaka jana.

Tatizo ni aina ya jibu linaloshinda. Chukua 2x + 6 = 14. Wa kwanza kujibu ataandika: "Hamisha 6 ng'ambo, ishara ibadilike." Inapatikana 2x = 8, vidole gumba vinamiminika, kundi linaendelea na swali jingine. Aliyeuliza sasa amebaki na 2x = 8 na kanuni moja kichwani, kwa hiyo anaihamisha na 2: x = 8 − 2, yaani 6. Jibu sahihi ni 4. Hakuna aliyemwambia kwamba hakuna kinachohama, kwamba tulipunguza 6 pande zote mbili, na kwamba 2 inayozidisha x inaondolewa kwa kugawanya. Maelezo hayo yanahitaji mistari minne mitano, na kufikia hapo aliyejibu upesi ameshasifiwa.

Mathematics Stack Exchange, jukwaa la maswali na majibu lililoanza mwaka 2010, lilijaribu kulitibu hilo kwa kura: jibu zuri lipande hata kama limechelewa. Swali tupu, lisiloonyesha muulizaji amejaribu nini, linaweza kufungwa. Wageni wengi huona huo ni ubabe, na kweli wapo wajibuji wenye ulimi mkali (mtoto wa Kidato cha Pili akijibiwa vile mara moja harudi tena). Hata hivyo, kwenye sharti lenyewe niko upande wao. Picha ya swali bila mstari hata mmoja wa kazi ni kuomba kufanyiwa.

Nionavyo mimi, kwenye umati huu anayefaidika zaidi ni anayejibu, hasa akibanwa: "Kwa nini iwe −6?" Hapo ndipo anapolazimika kugundua kama alielewa au alikariri. Anayeuliza na kunakili anaondoka na daftari lililojaa na mtihani unamkuta vilevile.

Kwa hiyo ningependa kuona makundi yanayomtaka aliyesaidiwa jana aeleze leo swali linalofanana, kwa maneno yake, na wengine wambane. Kazi ni kupata msimamizi. Kundi la Kidato cha Nne kwa kawaida linasimamiwa na mwanafunzi mwenzao, naye ana mtihani uleule mwezi Novemba.