Picha Imependeza, Mgonjwa Je?

Miezi sita baada ya shangazi yangu kuwekewa goti bandia, nilimsindikiza kliniki. Daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga, akaikagua, akasema, "Limekaa vizuri sana, mama." Shangazi akaitikia, "Asante, daktari," tukatoka. Tulipofika kwenye ngazi aligeuka, akashika chuma kwa mikono miwili na kuanza kushuka kinyumenyume, mguu mmoja mmoja. Nikamuuliza mbona hakusema. Akanijibu, "Hakuniuliza."

Kwa hospitali ile, faili lake ni la mafanikio. Kidonda kimefunga, hakuna usaha, goti halijalegea. Hayo si madogo, na daktari aliyafanya kwa ustadi. Lakini hakuna anayekubali kupasuliwa mguu ili apate picha nzuri. Shangazi alitaka kutembea, kulala bila maumivu, kupanda na kushuka ngazi. Mimi naamini upasuaji wa namna hii hauwezi kuhesabiwa kuwa umefaulu mpaka mgonjwa mwenyewe aulizwe, kwa maswali yaleyale kabla na baada, na majibu yake yamrudie aliyeshika kisu.

Jambo hili linawezekana. Uingereza ilianza Aprili 2009: kila anayebadilishiwa nyonga au goti kwa gharama ya serikali huombwa ajaze dodoso kabla ya upasuaji, kisha tena baada ya miezi sita. Maswali ni 12, kila moja lina alama 0 hadi 4, kwa hiyo aliye salama kabisa hupata 48. Yenyewe ni ya maisha ya kila siku. Ukiwa na tatizo la nyonga, unaweza kuvaa soksi mwenyewe? Unapata shida kuingia kwenye gari? Maumivu yanakusumbua usiku? Mtu yeyote anayajibu bila kujua hata jina moja la mfupa.

Mwanzoni mpango huo ulihusisha pia ngiri ya kinena na mishipa ya miguu iliyovimba, mpaka hizo mbili zilipoondolewa mwaka 2017. Matokeo ya ngiri yanafikirisha. Wengi mno wa waliobadilishiwa nyonga walisema wamepata nafuu, lakini kwa ngiri ni karibu nusu tu waliosema afya yao kwa jumla imekuwa bora kuliko awali. Si kwamba madaktari walikosea. Wengi wa wagonjwa hao hawakuwa na maumivu makubwa tangu mwanzo, na dodoso walilopewa liliuliza afya kwa jumla, halikugusa ngiri yenyewe. Hata hivyo, mtu anayejiuliza kama apasuliwe sasa au asubiri anastahili kuambiwa hilo kabla hajatia sahihi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Karne moja iliyopita huko Boston, daktari wa upasuaji Ernest Codman alimwekea kila mgonjwa kadi, akamfuatilia mwaka mzima au zaidi ili ajue kama matibabu yalimsaidia. Wenzake walimkasirikia, naye akaendelea katika hospitali ndogo aliyoifungua mwenyewe mwaka 1911. Kati ya wagonjwa 337 walioruhusiwa kwenda nyumbani hadi 1916, aliorodhesha makosa 123, akayachapisha. Ujasiri ule unanigusa kila ninapoufikiria.

Najua hofu ya madaktari, na ina msingi. Anayepokea wazee wenye kisukari na moyo dhaifu hawezi kulinganishwa moja kwa moja na anayepasua vijana wanariadha. Lazima hali ya mgonjwa kabla ya upasuaji iingizwe kwenye hesabu, la sivyo watu wataanza kuwakwepa wagonjwa wagumu, na hao ndio wanaohitaji msaada zaidi. Tena kuna wasiorudisha fomu. Wakiwa ndio waliopata shida, takwimu zitapendeza kwa uongo. Afadhali muuguzi awapigie simu.

Kinachoniudhi zaidi ni fomu zinazokusanywa kisha zikafungiwa kabatini. Muuguzi amepoteza muda, mgonjwa ameeleza maumivu yake, na daktari hajui lolote. Ningependa majibu yasomwe kwenye kikao cha kila mwezi cha idara, bila kumwaibisha mtu: wagonjwa wa nani wanapona vizuri zaidi, na anawaandaaje? Wagonjwa wa nani bado wanalala na maumivu, na je, walipelekwa mazoezini?

Shangazi alipelekwa mazoezini mwezi wa nane baada ya upasuaji, tena kwa sababu tulibisha hodi wenyewe. Mtaalamu wa viungo alimshika paja, akamwambia akaze, akatikisa kichwa: msuli wa mbele ulikuwa umelegea kabisa. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi alianza kushuka ngazi akitazama mbele. Katika dodoso la goti wanalotumia Uingereza, swali la 12 linauliza kama unaweza kushuka ngazi.