Ijumaa Mbili

Tiketi zimetoka jana, na tangu hapo sina raha. Tunaondoka Auckland, hapa New Zealand, Jumamosi asubuhi, tunafika Rarotonga, Visiwa vya Cook, Ijumaa mchana. Umesoma sawasawa. Mwendo wa saa nne angani, mtu unashukia jana, kisa mstari wa tarehe, ule ukiuvuka siku inabadilika, umepita katikati ya bahari. Nikamwuliza wakala wa tiketi kwa adabu zangu zote: hiyo Ijumaa ya pili nailipia hoteli? Akatabasamu. Nailipia.

Bosi naye, ile Jumatano ya kurudi, itakayonipitia juu ya mawingu, ameshaikata kwenye likizo yangu. Mwanangu mkubwa ameuliza kama hoteli ina intaneti. Kama ina maji, hajali.

Haya yote ningeyameza. Lakini mke wangu akaona safari haina baraka bila kumuaga mama yake, Pangani. Nikapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nasikia mnasafiri. Umra?"

"Hapana mama. Kisiwani. Kupumzika."

"Kuna nini huko?"

Nikakohoa kidogo, nikatoa sauti ya msomi. Nikamweleza bahari, mchanga mweupe, minazi.

"Minazi," akasema.

"Na chakula chao, mama! Kuna ika mata, samaki wa ndimu na tui la nazi."

"Wa kukaanga?"

"Mbichi."

"Subhanallah. Kuni hawana?"

"Ndiyo mapishi yao, mama. Kuna na muhogo. Na majani ya majimbi ya tui."

Nikasikia anaita watu. Akaweka spika. Ikaja sauti ya shangazi, ikaja ya ami, ikaja na ya muuza vitumbua ambaye sijui alipita kufanya nini. "Hebu rudia baba, na wenzio wasikie." Nikarudia kama niko kizimbani. Bahari. Minazi. Muhogo. Samaki mbichi.

"Na nauli ya watu watano?" akauliza muuza vitumbua.

Mtandao ukakatika. Niliusaidia kidogo.

Akapiga tena. "Baba, si mngekuja kwangu? Muhogo upo, bahari iko hapa nyuma ya jiko, na samaki tunampika."

Kabla sijajitetea, ami akadakia. Mtu ameswali Ijumaa Auckland, Jumamosi akapanda ndege, akashuka akakuta Ijumaa nyingine: anaiswali tena au msafiri amesamehewa? Wakagawanyika pande mbili, wakanisahau hewani. Nasikia suala limefika kwa imamu.

Mimi nilitaka kuwaeleza habari za basi. Barabara ya kuzunguka Rarotonga ni kilomita 32 tu, basi moja linazunguka kufuata mshale wa saa, jingine kinyume chake. Mpumbavu gani atapotea? Mke wangu anasema nitapotea.

Asubuhi mama mkwe kanitumia ujumbe wa sauti: nimletee nazi ya huko ya mbegu, alinganishe. Nazi! Hapa New Zealand ukipita uwanja wa ndege na tunda usilolitaja kwenye fomu, faini dola 400 papo hapo. Nazi ya dola 400, halafu niipeleke Pangani!

Halafu kuna hili la mafuta ya kujikinga na jua. Mimi, niliyekulia Temeke nikicheza mpira saa saba mchana bila shati, nimesimama foleni kununua chupa ya mafuta ya jua. Muuzaji kanitazama usoni, kaitazama chupa, kanitazama tena. "Ni ya watoto," nikamwambia. Watoto wenyewe nao weusi kama mimi, wamesimama pale pale.